Bilauri ya Maji Juu ya Goti

Ukiniuliza hali siku hizi nitakujibu kweli, na kwa hivyo watu wameacha kuniuliza. Jumapili kanisani mzee mwenzangu akinipa mkono na kusema, "Hujambo, Mzee Chengo?" huuachia mkono upesi, kabla sijaanza kumweleza habari za goti langu la kushoto na usingizi unaonikimbia. Wajukuu wangu wananicheka. Mke wangu alishanionya kwamba nimekuwa kero. Sawa, niwe kero. Tabia hii niliipata mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya tisini, nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na tisa na nikijiona fundi wa springi asiye na mfano mtaa mzima wa Shimanzi. Niliipata kwa rafiki yangu Athmani, ambaye yeye mwenyewe hakuwa nayo hata chembe. Mwezi uliopita dada yake, Rukia, alinipigia simu. Aliniambia wanahama ile nyumba ya Mji wa Kale, kwamba amekuwa akipanga vitu, na kwamba kuna kimoja anachodhani ni haki yangu kukichukua. Nilimwambia nitakuja kesho. Nikaenda siku ya nne.

Athmani alikuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, upande wa pili wa barabara kutoka karakana yetu. Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni. Magari ya watu yalipita mezani kwake kwa mamia, kwenye makaratasi, na alijua ukubwa wa injini ya kila moja kama mwalimu anavyojua majina ya wanafunzi, lakini mwenyewe alikuja kazini kwa miguu. Basi fikiria mshangao wetu asubuhi alipoingia karakana akiwa ndani ya gari la spoti la milango miwili, la buluu, lililotumika Japani kisha likatumika kidogo hapa na mtu aliyekuwa akihama mji. Lilikuwa fupi hata ukitaka kumwamkia dereva ilibidi uiname. Watu wa mtaani kwao waliliita Kisahani. Halikuweza kupita kwenye vichochoro vyao, kwa hivyo lililala nje, karibu na Ngome ya Yesu, na wale wauza vinyago walilipangusa vumbi bila kuombwa. Nadhani hakuna aliyemwonea kijicho. Alikuwa na miaka thelathini na miwili na tulimwona amefurahi kwa mara ya kwanza.

Haukupita mwezi akaja kusimama mlangoni pa karakana na kikombe cha kahawa mkononi. Tulisalimiana kama walivyokuwa wakisalimiana kwao, salamu ndefu, hujambo, sijambo, watu wa nyumbani, hawajambo, wewe mwenyewe, mzima, alhamdulillahi. Baada ya yote hayo ndipo akasema, "Chengo, ndugu yangu, gari hii yanipiga."

"Yakupiga wapi?"

"Hapa." Akaweka kiganja kiunoni, nyuma, chini kidogo ya mshipi. "Kila shimo n'nalisikia hapa. Rukia ashanikera, ataka nende hospitali. Nimemwambia, kwanza Chengo aitazame gari."

"Hospitali ya nini?" nikasema. "Mgonjwa ni gari."

Tulicheka sana. Wenzangu pale karakana nao walicheka, na mmoja akalirudia neno hilo siku nzima kwa kila mteja aliyeingia. Nimeishi nalo miaka thelathini sasa, na sijui njia ya kulirudisha kinywani.

Nilikuwa na namna yangu ya kutafuta ugonjwa wa gari linalopiga. Mafundi wengine waliliendesha wenyewe. Mimi sikuendesha kamwe. Nilimwacha mwenye gari aendeshe kama alivyozoea, nami niliketi kando yake nikiwa nimeweka bilauri ya maji juu ya goti, nimeijaza hadi kwenye mstari niliouchora kwa rangi. Maji yakiruka mbele, tatizo liko nyuma. Yakimwagikia kushoto, nenda kulia. Yakitetema bila kumwagika, angalia upepo wa tairi. Wateja walipenda mchezo huo, nami nilipenda kupendwa. Kwa gari la Athmani tuliweka siku ya Ijumaa. Nilikuwa nikifunga kazi saa sita, naoga kwenye bomba la nyuma, navaa shati safi, kisha nakwenda kwao Mji wa Kale kumsubiri atoke msikitini.

Chumba kile nakikumbuka kuliko vyumba nilivyolala mwenyewe. Kilikuwa ghorofani, juu ya ngazi zilizosimama wima hata ukizipanda ulishika ukuta, na dirisha lake la mbao lilifunguka juu ya kichochoro chembamba kiasi kwamba jirani wa ng'ambo aliweza kukupa chumvi kwa mkono. Rukia alitandika mkeka, akaleta sinia ya wali wa nazi, samaki wa kupaka, kachumbari, na achari ya embe aliyoitengeneza kali makusudi, apate kuniona mimi, mtoto wa kutoka bara kidogo, nikitokwa na machozi. Alikuwa mdogo wa Athmani kwa miaka miwili na alimsema kama mama. "Keti sawasawa, walaje hivyo umejilaza?" Athmani alikula ameegemea kiwiko, kwa ubavu. Mimi niliona ni madaha tu ya mwenye gari, na nikamwambia hivyo. Baada ya chakula tulikwenda kwa miguu hadi Ngome, tukaingia Kisahani, mimi na bilauri yangu, tukashuka hadi kivuko cha Feri penye makundi ya watu na wauza njugu, tukarudi, tukamalizia Shimanzi pale reli zinapokata barabara. Zile reli ndizo zilizokuwa mtihani wenyewe. Gari lisilopiga pale halipigi popote.

Kisahani kilipiga. Ijumaa ya kwanza nilifika nyumbani suruali imelowa hadi magotini. Nilipunguza upepo wa tairi, ambao kweli ulikuwa umezidi. Kikapiga. Nilibadilisha shoki, yaani zile bomba zenye mafuta zinazotuliza springi isirukeruke, zote nne, nikazitafuta kwa wiki mbili. Kikapiga kidogo zaidi. Nilikagua raba za viungo moja moja, zile tunazoziita bushi, nikatoa zilizokufa nikatia nzima. Nilianza kuliota lile gari. Kila Ijumaa Athmani alishikilia usukani kwa mikono miwili tukikaribia reli, na mimi niliinamisha kichwa juu ya bilauri, na baada ya kishindo aliniuliza, "Waonaje?" nami nikamwambia, "Bado. Lakini nalikaribia." Sikuona aibu kushindwa. Niseme ukweli, nilikuwa na raha. Nilikuwa na rafiki, na chakula cha Ijumaa, na kitendawili.

Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu wiki sita, na sikuliona kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiliweka kwenye magari ya wengine. Miaka ile kila gari lililoshuka melini lilikuwa limekaa chini mno kwa mashimo yetu na matuta yetu. Mwenye gari hakulala nalo hata wiki kabla hajaja Shimanzi kuinuliwa, na namna ya kuinua ilikuwa moja: tulikata vipande vinene vya raba kutoka tairi za lori, tukavipachika baina ya mizunguko ya springi, gari likapanda vidole viwili au vitatu. Nilikuwa nimetia raba hizo kwenye magari nisiyoweza kuyahesabu. Siku moja nilikuwa chalichali chini ya gari la mteja mwingine nikizipachika, Kisahani kikiwa kando yangu juu ya jeki, nikageuza shingo kutafuta nyundo. Nikaona springi ya Kisahani. Nikaona raba, nyeusi, imetulia mahali pake, imekatwa vizuri, kama ninavyokata mimi. Nilikuwa nimeitazama mara ishirini na jicho langu likapita juu yake, kwa kuwa kwetu springi bila raba ndiyo iliyokuwa kioja. Gari la kawaida la familia, springi yake ndefu na laini, laweza kuvumilia. Springi fupi na ngumu ya gari la spoti ukiitia raba huiachii nafasi ya kupumua. Nilipiga kelele pale chini mpaka wenzangu wakadhani jeki imeniangukia.

Nilizitoa zote nne, na Ijumaa ile sikuweza hata kula. Rukia alikasirika kwa samaki wake. Tulishuka Feri, na maji yalitikisika tu. Tukarudi Shimanzi. Nilijaza bilauri upya hadi kwenye mstari, nikaiweka gotini na kuiachia mikono, nikamwambia Athmani azipige zile reli bila kupunguza mwendo. Akaniangalia kidogo. Kisha akakanyaga mafuta. Tukapita juu ya reli ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na gari likashuka na kuinuka kwa utulivu, na maji yakapanda ukingoni mwa bilauri yakarudi.

"Hata tone!" nikapaza sauti. "Athmani, waona? Hata tone!"

"Naona," akasema.

"Wajionaje sasa?"

"Alhamdulillahi." Alikuwa akijipangusa jasho la uso kwa kitambaa, na jasho lilikuwa jingi. Nilidhani ni furaha, au joto. Nilimshika bega nikamtikisa, nikamwambia kwamba dawa ya mgongo wake ilikuwa raba nne tu, Rukia akae na hospitali zake. Akacheka. Ninayakumbuka hayo yote, jasho, kitambaa, namna alivyoacha mkono mmoja kwenye usukani hata gari lilipokuwa limesimama, lakini nayakumbuka kama mtu anayetazama pembeni. Wakati ule wote nilikuwa nikitazama bilauri.

Baada ya hapo nililieneza jambo lile mji mzima. Wateja walikuja wakiuliza, "Ndiwe fundi wa maji?" na mimi niliwapeleka kwa Athmani awape ushahidi. Naye alitoa ushahidi. Alisimama mlangoni pa ofisi yake, kwa sababu siku hizo alipenda kusimama, hata kahawa alikunywa ameegemea ukuta, akawaambia, "Gari yangu ilikuwa punda, Chengo ameifanya godoro." Nilimtania kwamba ametajirika hata viti vya kawaida havimfai. Ijumaa zetu ziliendelea, ingawa gari halikuwa na ugonjwa tena. Tulikwenda kuburudika tu. Nilichukua bilauri, nikaijaza, nikaweka gotini, na kila tulipovuka reli nilimwonyesha. Kila Ijumaa. Nilikuwa kama mtoto mwenye daftari lenye alama nzuri, na yeye aliendesha juu ya zile reli kila mara nilipomwomba.

Ijumaa moja tulipata pancha karibu na Feri. Nilishuka kutoa jeki, nikafungua buti, nikakuta mto. Mto wa sufi, mdogo, mnene, wenye foronya nyeupe iliyotiwa tarizi ya uzi wa kijani kwenye kingo. Nikaunyanyua juu watu wote wa Feri wauone.

"Sheikh Athmani! Nani huyu anayekalia mto wa tarizi? Mbona hujanambia?"

Alikuwa amesimama ameshika mlango. Alinitazama, akautazama mto. Kisha akatabasamu. "Siri yangu," akasema. "Urudishe mahali pake, usiutie mafuta." Basi nikajua kuna mchumba. Nilimtania wiki nzima, na wiki iliyofuata nikampelekea chupa ndogo ya marashi, nikamwambia ni ya mwenye mto. Aliipokea kwa mikono miwili. Siku ile ile, nikipanda ngazi za kwao, nilisikia sauti ya Rukia kutoka juu, kali, "Mwambie! Au n'tamwambia mimi." Na ya Athmani, chini, "Sina la kumwambia, Rukia. Muache. Ashafurahi." Nilisita kwenye ngazi nikatabasamu peke yangu gizani, nikidhani wanabishana juu ya habari za posa, na kwamba nimeshajua wasichotaka nijue. Nikakohoa, nikabisha hodi. Tukala.

Mvua za vuli zilipoanza Athmani alishindwa kuinuka kitini ofisini. Wenzake walikuja kuniita, wakidhani ni utani. Nilimkuta ameshika ukingo wa meza, shati lile lililopigwa pasi limelowa mgongoni, akaniambia kwa adabu kabisa, "Chengo, samahani, miguu imekataa." Tulimbeba, mimi na mwenzangu, tukampeleka hospitali kwa pikapu ya karakana. Njiani tulipita kwenye reli. Alinishika mkono, akatoa sauti ambayo sikupata kuisikia kwa mtu mzima, na hapo, sio baadaye, sio kwa daktari, hapo ndipo nilipojua. Nilijua mara moja kwamba yale maumivu hayakuwahi kwisha.

Ulikuwa uvimbe kwenye mfupa wa uti wa mgongo. Daktari alituambia umekaa muda mrefu. Rukia aliuliza je, kama angeletwa miezi minane nyuma. Daktari akasema labda, na labda isingebadilisha kitu, hakuna anayeweza kusema. Rukia hakunitazama aliposikia hivyo, na nilimshukuru, na nilitamani angenitazama. Nilikwenda kila jioni baada ya kazi. Siku za mwanzo watu walikuja wengi, wakimuuliza, "U hali gani, Athmani?" na yeye kwenye kitanda kile, midomo imekauka, akawajibu, "Alhamdulillahi, sijambo." Siku moja tulipobaki wawili nilimuuliza kwa nini hakuniambia kwamba maumivu hayakwisha.

"Ungeifungua gari tena," akasema.

Alikuwa akitania. Nilicheka, na kucheka kule kukageuka, nikatoka nje kwenye veranda nikasimama na kuegemea ukuta, kama alivyokuwa akisimama yeye. Alifariki mwaka haujaisha. Nilifuata jeneza pamoja na wengine, nikapokezana nao kulibeba niliporuhusiwa, na lilikuwa jepesi mno.

Wiki moja baada ya matanga Rukia alinipa ufunguo. Gari lilikuwa bado limekaa karibu na Ngome, na wale wauza vinyago walikuwa bado wanalipangusa. Aliniomba nilipeleke Shimanzi likatafutiwe mtu wa kulinunua. Sikuwahi kuketi upande ule wa usukani. Kiti kilikuwa kimesogezwa kadiri ya miguu yake. Niliendesha polepole hadi pale reli, na kisha, sijui kwa nini, nikageuza nikarudi, nikazipita tena kwa kasi, na mara ya tatu, na ya nne. Lilikuwa laini. Halikuwa na kasoro yoyote. Kuhusu gari nilikuwa sahihi, na sijawahi kuuchukia usahihi wangu kama siku ile. Nikalisimamisha kando ya ukuta wa ghala moja, malori yakinipita na kunipigia honi, nikalia mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo. Lilikuwa jibu langu la kwanza la kweli kwa swali hilo, na nimelitoa kwa kila aliyeuliza tangu siku ile. Bilauri niliivunja. Kazi sikuacha, maana sikujua nyingine, lakini kila mteja aliyekuja kulalamika gari linampiga nilimketisha kwanza nikamuuliza yeye mwenyewe anaumwa wapi, na tangu lini, na akiketi nyumbani kwake je. Wengi walidhani nimeanza kurukwa na akili. Wawili walikwenda hospitali.

Rukia sasa ni bibi wa miwani minene. Siku ile ya nne baada ya simu yake, ngazi zile nilizipanda nikipumzika mara mbili. Chumba kilikuwa kimejaa makasha, dirisha limefungwa, mkeka umekunjwa ukutani, na tuliketi kwenye viti vya plastiki tukinywa chai. Aliniuliza hali nikamweleza, goti na usingizi na yote, naye alisikiliza hadi mwisho bila kutazama saa. Kisha aliinua kifuniko cha kasha, akatoa mto wa sufi. Foronya ilikuwa imegeuka rangi ya chai, lakini tarizi ya kijani ilikuwa bado nzima.

"Waukumbuka?"

"Naukumbuka. Wa mchumba wake."

Akavua miwani. "Mchumba gani, kaka Chengo? Mto huu n'liushona mimi. Akiukalia yeye. Hakuweza kuendesha bila huu, tangu ule mwezi uloitengeneza gari. Ofisini akenda nao, akirudi nao."

"Lakini Ijumaa..." nikasema.

"Ijumaa akiutia buti kabla hujaja. Kila Ijumaa. N'kamwambia, Athmani, wajiua. Akanambia, 'Chengo amefurahi na maji yake, mimi siwezi kuendesha saa moja bila mto?'"

Rukia aliuweka mto mapajani mwangu na kuupapasa kidogo, kisha akaniuliza kama nataka chai nyingine, nami nikamwambia sitaki, kifua kimenibana, niache nikae tu. Akaniacha nikakaa. Jua lilipokuwa limeinama alinisindikiza hadi chini, ngazi moja moja, na nje ya kichochoro nikapata tuktuk. Dereva alikuwa kijana mwenye haraka, na barabara ya kwenda Feri siku hizi imejaa mashimo. Goti langu lilipiga kelele njia nzima. Mto nilikuwa nao mkononi, na nilikuwa na nafasi tele ya kuuweka chini yangu. Sikuukalia.